Mfinyanzi Aliyepona kwa Kiha

Mwaka huu sijajiunga na chalenji ya kusoma. Admini wa kundi letu, mama mmoja wa Morogoro ambaye sijawahi kumwona ana kwa ana, amenitumia ujumbe mara kadhaa. Mara "dada, upo?", mara picha ya vitabu vya mwaka huu vimepangwa juu ya kitambaa cha maua. Nimeona. Najua naye ameona kwamba nimeona. Sijajibu, na si kwamba nina kinyongo naye, hapana. Nikijibu itabidi nieleze, na maelezo yenyewe hayaenei kwenye ujumbe wa simu. Ngoja niyaweke hapa.

Mimi nina duka la stesheneri Rusimbi, hapa Kigoma mjini. Natoa kopi, nachapa kazi za watu, nauza madaftari na kalamu. Nyumba yangu iko nyuma ya duka. Ukifungua mlango wa nyuma umeshafika barazani. Kazi hii ina kukaa sana, na kukaa ndiko kulikoniingiza kwenye vitabu, vitabu vikaniingiza kwenye kundi. Tuko watu wa mikoa mbalimbali. Kila mwezi tunasoma kitabu kimoja, wote kile kile, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi kila mtu anachagua ukurasa alioupenda kuliko zote, anausoma kwa sauti yake, anaurusha kundini. Voisi tu, hakuna kuandika. Kabla ya Jumamosi hiyo ni marufuku kutaja mwisho wa kitabu. Ukitaja, admini anakuondoa bila salamu, hana mchezo yule mama.

Mama yangu aliingia kwenye chalenji hii bila kuomba. Alikuwa anaishi Mwandiga kwenye michikichi yake, na Jumapili baada ya kanisa nilikuwa nakwenda kushinda naye. Siku moja mwezi ulikuwa unaisha na kitabu sijakimaliza, nikakitoa kwenye mkoba yeye akiwa anachambua maharage. Akanitazama.

"Unasoma peke yako kama mchoyo? Soma na sisi tusikie."

Nikasoma. Hata ukurasa haujaisha akanikatiza. Kiswahili cha sokoni alikijua, ungemsikia akivutana na mteja wa mawese ungemhurumia mteja. Lakini Kiswahili cha vitabu alisema kina miiba, mpaka mtu akuchambulie. Basi nikawa nasoma sentensi kwa Kiswahili, halafu naisema kwa Kiha, lugha yetu ya nyumbani. Sentensi, Kiha. Sentensi, Kiha. Nilidhani atachoka. Nilipofunga kitabu jua likizama aliniuliza, "Unaondoka nacho unakwenda wapi?"

Tangu siku hiyo nikawa nasoma sura moja mbele kila mara, nikiwa dukani, ili nikifika kwake Kiha changu kisikwame. Maana akikuona umekwama haachi. Atakuuliza mwandishi alitaka kusema nini, na wewe mwenyewe ndiyo kwanza unagundua hukuelewa.

Na alikuwa mkali! Kulikuwa na riwaya ya kijana aliyeachwa na mchumba, analia ufukweni kurasa na kurasa, anahesabu mawimbi. Wanakundi walikuwa wameipenda mno, wengine wanasema wamelia. Mama alisikiliza, akapeta maharage yake, akauliza, "Huyu hana shamba?" Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikarekodi sauti yake akirudia swali lile, nikatafsiri, nikarusha. Kundi zima lilichanganyikiwa kwa kicheko. Kuanzia hapo wakamwita Jaji. Kila Jumamosi ya voisi, kabla hata ya kusikiliza kurasa za wenzao, wanauliza: Jaji wa Kigoma kasemaje? Mwisho wa mwaka admini alimtengenezea cheti chake kama wasomaji wengine. Nikakichapa kwenye karatasi nzito, akakibandika ukutani Mwandiga pembeni ya kalenda ya kanisa, na mgeni akiingia Mama alikuwa anasubiri aulizwe habari zake.

Halafu akaanza kukataa chakula.

Sitaki kuisimulia hospitali. Tulizunguka, tukapelekwa hospitali kubwa ya mbali, tukarudi. Daktari alituita pembeni, mimi na dada yangu mkubwa ambaye ameolewa Ujiji, akatuambia ni saratani ya tumbo, imekwenda mbali, mrudisheni nyumbani ale anachokipenda. Mama alikuwa nje kwenye benchi, ameshika mfuko wake wa khanga. Tulipotoka akauliza wamesema nini. Mimi nikafungua mdomo. Dada akaniwahi: "Vidonda vya tumbo, Mama. Vinatibika, ila vinachelewa."

Kwetu ndivyo tunavyofanya. Mgonjwa ndiye wa mwisho kuujua ugonjwa wake. Majirani wanajua, mchungaji anajua, mwenye duka la dawa anajua, mpaka mtu anayekuja kukopa kiberiti anajua, na wote wakifika mlangoni wanavaa uso wa "utapona tu". Tunasema ni huruma. Labda ni huruma. Mimi siku hizi nikisikia mtu anaambiwa "utapona tu" nywele zinanisimama.

Tulimleta kwangu Rusimbi ili awe karibu na hospitali. Mwanzoni alikuwa na nguvu bado. Alitembea, alifagia uwanja nikimkataza, alikwenda mwenyewe mpaka gengeni. Na alikuwa na neno moja: nikipona nitakwenda kwa dada yangu. Dada yake, mama mkubwa, anaishi Buhingu, kusini huko ziwani, unafika kwa boti. Walikuwa wamebaki wawili tu kwa mama yao. Hawajaonana muda mrefu kwa sababu mama mkubwa miguu imemkataa, na simu haimsaidii kwa kuwa masikio yake yamekufa kabisa. Ukitaka akusikie unamwinamia na kupiga kelele. Kwa hiyo ni kwenda tu, kukaa naye uso kwa uso. Mama alishamwekea khanga na dumu la mawese mekundu, vipo chini ya kitanda. "Nikipona," anasema. Na sisi tunaitikia, "Ukipona, Mama." Boti zilikuwa zinakwenda. Ilikuwa miezi ya ziwa tulivu.

Mwezi uliofuata kitabu cha kundi kilikuwa riwaya ya mwanamke mfinyanzi na mabinti zake. Kilikuja kwa basi, kimefungwa kwa karatasi ya kaki. Mama alifurahi, maana bibi yetu, mama yake, alikuwa akifinyanga vyungu, na yule mfinyanzi wa kitabuni alikuwa na ulimi kama wa kwao. Tukasoma barazani kila alasiri duka likipoa. Mama alikuwa anambishia mfinyanzi kama jirani. "Udongo huo haujakaa, utapasuka!" Na kweli, sura inayofuata chungu kinapasuka. Sikuwa nimemwona na furaha kama ile tangu augue.

Mimi, kama kawaida yangu, nilikuwa sura moja mbele. Nikakuta mfinyanzi ameanza kuumwa. Tumbo. Nikaruka mpaka mwisho, nikasoma nimesimama dukani, mteja ananiita simsikii. Alikuwa anakufa, na mwandishi hakukionea haya kifo chake hata kidogo. Alikiandika chote, pumzi kwa pumzi, mabinti wamekaa pembeni wanamshika miguu.

Nikampigia dada. Nilimwambia naacha kitabu, nitasema kimepotea. Dada akasema, "Ukikiacha atajua kuna kitu. Si unamtafsiria? Badilisha."

Nikabadilisha. Mungu wangu, jinsi ilivyokuwa rahisi. Nilishika kitabu wazi mbele yangu, nikaacha kusoma Kiswahili, nikawa nasema Kiha kitupu. Mfinyanzi akapelekwa hospitali ya mjini, akapewa vidonge, akarudi nyumbani akapikiwa uji na mabinti zake, akamaliza ugomvi wao, akaingia tena kwenye udongo wake. Nikageuza kurasa kwa kukisia. Nikafunga.

Mama akakitazama kitabu kilichofungwa.

"Amepona?"

"Amepona, Mama."

"Kwa vidonge?"

"Kwa vidonge."

Akatikisa kichwa, akajivuta kwenye mkeka. "Huyo mwandishi hajawahi kuugua," akasema. "Alianza vizuri akaogopa. Waambie wenzako Jaji amesema mwisho wake ni wa uongo."

Sikuwaambia, bila shaka. Ningewaambia nini? Wangeuliza Jaji amesoma kitabu gani. Nikasema nimetuma, yeye akaridhika, na siku zikaenda. Ndizo siku miguu yake ilipoanza kuvimba. Kwenda gengeni kukaisha, kufagia kukaisha. Kilichobaki kilikuwa kutoka chumbani kuja barazani, mkono wake begani kwangu. Na bado: nikipona nitakwenda Buhingu.

Jumamosi ya voisi ikafika. Mama alizipenda voisi kuliko hata vitabu. Alikuwa na kipenzi chake, mzee mmoja wa Singida mwenye sauti nzito, anayesoma huku anacheka mwenyewe. Nikaona voisi yake ni ya kwanza, na alishatuambia mapema ukurasa wake ni ule wa chungu kilichopasuka. Huo hauna neno. Nikaibonyeza, nikaweka simu juu ya kigoda karibu na sikio lake. Mteja akagonga kaunta, anataka kopi za kitambulisho. Nikaenda.

Wenye makundi ya namna hii wanajua kilichotokea. Simu ikimaliza voisi moja haisubiri, inacheza inayofuata. Najua hilo, mtu anayeshinda na simu kama mimi atakosaje kujua! Lakini mashine ya kopi ilikwamisha karatasi, mteja ana haraka, na akili yangu ilikuwa kwa mzee wa Singida.

Niliporudi sauti haikuwa ya mzee. Ilikuwa ya mwanamke, msomaji wetu mwingine, anasoma polepole, Kiswahili chepesi kabisa kisicho na mwiba hata mmoja. "Binti mkubwa alimfunika mama yake mpaka kifuani." Nikaruka kuichukua simu. Mama alikuwa ameshaifunika kwa kiganja chake.

"Acha," akasema.

Nikasimama pale pale na kopi ya mtu mkononi. Tukasikiliza wote wawili mpaka mfinyanzi akafa. Mwanamke yule alipomaliza alivuta makamasi, akasema samahani wapenzi, ukurasa wangu ndio huo. Nikaizima simu.

"Kumbe alikufa," Mama akasema.

Nikaiweka ile kopi juu ya kigoda.

"Basi kitabu ni kizuri." Alikuwa hanitazami, anatazama kamba ya nguo. Halafu akauliza, bila hasira kabisa, kama anauliza chumvi iko wapi: "Na la kwangu mmelibadilisha wapi?"

Ningeweza kuendelea. Mdomo wangu ulikuwa umeshazoea. Lakini nilikuwa nimechoka, nimechoka, sijui nisemeje. Nikakaa chini kwenye mkeka, nikamwambia yote kwa Kiha, neno kwa neno kama alivyosema daktari. Kwamba si vidonda. Kwamba hakuna vidonge. Nililia mimi, yeye hakulia.

"Ego," akasema. Ndiyo. Kama anapokea kitu alichokuwa ameshakiona mkononi mwa mtu. "Mlijua tangu lini?"

"Tangu siku ile ya benchi."

Akainua khanga kidogo, akaitazama miguu yake iliyovimba, akaibonyeza kwa kidole, pakabaki shimo.

"Siku ile nilikuwa na miguu," akasema. "Ningekwenda kwa dada yangu nikarudi. Ningekwenda tu, mwanangu. Nilikuwa nasubiri kupona."

Nakwambia, watu wamenitukana maishani, nimetapeliwa, nimeachwa na mwanaume, hakuna kilichonikata kama lile neno, na lilisemwa taratibu.

Nikampigia dada nikamwambia Mama anajua. Akapiga kelele, akasema nimemuua. Nikamjibu maneno ambayo sitayaandika. Kesho yake alikuja, akamkuta Mama amekaa kitako anagawa michikichi yake, huu wa nani, ule wa nani, anakumbusha na sufuria kubwa la kukamulia mawese liko kwa nani. Dada alisimama mlangoni na mkoba wake, akashindwa kuingia. Mama akamwita, "Njoo bwana, na wewe una fungu lako."

Tulijaribu kumpeleka. Hilo niliseme, tulijaribu. Mama alitaka, na mtu akishajua ana haki ya kutaka. Tulikodi gari mpaka mwaloni Ujiji, boti zinapopakia, tukamlaza kwenye godoro, khanga na dumu pembeni. Boti ipo, injini inaunguruma, watu wa mle wakampangia nafasi vizuri, wastaarabu sana. Walipomnyanyua kidogo tu alitapika damu kwenye kifua cha dada. Nahodha, mtu mzima, akatuvuta pembeni akasema, "Mama zangu, huyu hafiki hata nusu ya njia. Msimpe maji yawe kaburi lake." Tukageuza gari. Njiani Mama alikuwa ameshika mkono wa dada, siyo wangu. Akaomba apelekwe Mwandiga kwake, na Mwandiga ndiko alikofia, asubuhi, sisi wote tumo ndani. Nilimshika miguu.

Kundini nilitangaza msiba kwa mstari mmoja. Walimlilia Jaji kama ndugu yao. Voisi zikamiminika, wengine wanarudia lile swali lake la shamba huku wanalia. Mzee wa Singida alisoma ukurasa mzima wa kitabu fulani kwa ajili yake, bila kucheka. Nilizisikiliza zote, na zilinisaidia, siwezi kudanganya. Yule mwanamke msomaji aliniandikia pembeni, akauliza kama Jaji aliwahi kutoa hukumu ya riwaya ya mfinyanzi. Nikamwandikia: alisema ni kitabu kizuri. Akajibu kwa mioyo mingi. Hakujua alichokifanya, na hakuna sababu ya kumwambia. Lakini ndipo nilipoacha kujibu watu.

Mama mkubwa hakuzika. Habari ilimfikia kwa kijana wa pale kijijini mwenye simu, lakini siku hizo ziwa lilikuwa limechafuka, boti hazitoki. Matanga yalipoanuliwa nikachukua khanga na dumu la mawese, nikapanda boti mwenyewe. Dada hakutaka kuja. Alisema hana uso.

Nilimkuta mama mkubwa amekaa kwenye mkeka nje ya nyumba yake, ukutani, kwenye kivuli. Nikapiga magoti nikamwamkia, akanishika uso kwa mikono miwili, akanitafuta sura. Nikamwekea vitu vyake mbele. Akaifungua khanga, akainusa, akaiweka mapajani. Halafu akaanza kuuliza, na hapo nikaelewa nimejiingiza wapi. Mtu yule hasikii. Jambo ambalo tulilinong'ona miezi yote ile, nyuma ya milango, nje ya hospitali, kwenye simu tukiwa chooni, sasa nilitakiwa nilipigie kelele sikioni mwake, kwa Kiha, kijiji kizima kinasikia. Wanawake waliokuwa wanaanika dagaa mchangani waliacha kazi, wakasimama.

"Alikuwa anaumwa nini?"

Nikapiga kelele: saratani.

"Aliumwa siku nyingi?"

Nikapiga kelele: siku nyingi.

"Alikuwa anatembea?"

Mawe, mama yangu! Nilimtazama. Nikasema ndiyo, mwanzoni alikuwa anatembea. Hakusikia. Ikabidi nirudie kwa nguvu zangu zote: "Alikuwa anatembea!"

"Sasa kwa nini hakuja?"

"Hakujua kama anakufa! Tulimficha!"

Akakaa na hilo. Nilidhani hakusikia, nikainama tena nirudie, akanizuia kwa mkono. Alikuwa amesikia. Akanigeukia na macho yaliyofifia, mwanamke asiyeweza kusimama bila watu wawili, akaniuliza:

"Na mimi mlinificha kwa nini? Mimi sikuwa naumwa. Mngeniambia, ningebebwa."

Akapigapiga mkeka kwa kiganja. "Vijana si hawa hapa. Ningebebwa mpaka kwenye boti, ningefika, ningemwona."

Hatukuwa tumemfikiria. Miezi yote ile tulikuwa tunamwaza Mama kwenda. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema, mleteni dada yake. Sikupiga kelele tena. Nilisema tu "sijui, Mama mkubwa," kwa sauti ya kawaida, na yeye alikuwa ameshaujaza uso wake kwenye ile khanga, analia, hanisikii.